Mabovu kwa Ratili

Baba kanunua ndoo mbili za risasi mbovu
kwa ratili, kama mtu anunuavyo misumari.
Kifunikoni, kwa wino mwekundu: ZA KUVUNJWA TU. ZISIFYATULIWE.
Orrin Tveit, muuzaji, alimtaka atie sahihi mara tatu,
kisha akamuuliza, "Verlin, hujachoka nazo tu?"

Maana baba, miaka thelathini na mmoja,
alikalia kiti kimoja cha kiwanda kimoja
chini ya taa nyeupe, mkanda ukipita mbele yake,
na kazi yake yote ilikuwa neno moja: hapana.
Hapana kwa ganda lenye bonde.
Hapana kwa shingo yenye ufa mwembamba kama unywele wa mtoto.
Hapana kwa fataki iliyokaa upande, jicho lenye makengeza.
Nyingine zote zikaenda zake, kimya, masandukuni.

Sasa ni Januari, Minnesota.
Theluji imeziba kidirisha cha chumba cha chini
na sisi tumekalia viti vya jikoni vilivyostaafu kama yeye.
Anatia moja kwenye nyundo ya plastiki yenye tumbo tupu,
anagonga gogo. Mara moja. Mara mbili.
Ya tatu inaachia: risasi inatoka ndani ya risasi
(neno moja kwa tunda na kwa kokwa yake),
na baruti inamwagika, punje za kijivu,
kama majani ya chai yaliyosahauliwa kabatini.

Kichwa, bakuli la kushoto. Ganda, la kulia.
Baruti haitumiki tena. "Huijui ukoo," anasema,
"na usiyemjua ukoo humpi binti."
Itangoja theluji iyeyuke. Mama alikuwa akiitupia mawaridi,
nayo yakinawiri kama yamesikia habari njema.
Mama hayupo. Mawaridi yapo.

Hatutajirika. Shaba ya kutosha msimu mmoja wa kulungu,
na jioni kadhaa za kukaa na baba bila kulazimika kuongea.

Ndoo ya pili, nikihesabu kwa sauti,
nyundo ikanyamaza.
Kaishika moja karibu na taa. Anaizungusha.
Anavua miwani, anaivaa tena.
"Hii haina kosa."
Akaipima kwa kalipa, akapima upya.
"Haina kosa, Dagny."
Ikafuata nyingine. Ilipofika saa nne usiku
zilikuwa kumi na saba, wima mezani,
njano, safi,
kama watu waliofungwa kwa jina la mtu mwingine.

Karatasi ya fungu imegandamana chini ya ndoo.
Nikaisoma mimi, kwa kuwa yeye hakuniomba:
mwaka wake wa mwisho kazini.
Mwaka aliogonga sanduku la barua kwa gari akasingizia ukungu.
Mwaka aliomsalimu Orrin kanisani akidhani ni mchungaji.

Nikasema, "Baba, kukataa nzuri si dhambi.
Nani aliumia?"
Akanielekezea macho yale
yaliyopasuliwa kwa kuchelewa, maangavu sasa kupita haja.
"Sizihesabu hizi," akasema.

Juu, friji ikanguruma, ikatulia.
Nikaona nilichokuwa sijakiona: mkanda ule unatembea,
mkono wake umelala pajani,
na ufa mwembamba kama unywele unapita,
unapita, unaingia sandukuni, unabandikwa bei.

"Mpigie Arvid," akasema baadaye.
"Lile boksi nililompa Krismasi ile. Kama bado analo."
"Sasa hivi? Usiku huu?"
"Sasa hivi."

Nikapanda ngazi, simu mkononi, ikiita, ikiita,
na chini yangu akatia ya kwanza kati ya zile kumi na saba,
akagonga. Mara moja. Mara mbili.
Nzuri au mbovu, zote huachia kwa sauti ileile.